Mhariri wa Joe

Nguvu za Lwanda Magere hazikuwa mwilini. Zilikuwa kivulini. Mwili wake ulikuwa jiwe, na mikuki ya adui zake, ambao Waluo huwaita Lang'o, iligonga ikapinda. Walipochoka kushindwa, wakampelekea binti yao mzuri awe mke wake. Siku moja shujaa akaugua, akamwomba mke huyo amchanje ili amtie dawa. Wembe ukagoma. Alipojaribu kuchanja kivuli cha mumewe, damu ikatoka. Binti akatoroka usiku na siri yake, na katika vita vilivyofuata mkuki haukurushwa kifuani mwa Lwanda Magere, ulichomekwa kwenye kivuli chake. Akaanguka, akageuka jiwe kweli.

Kwa mtu anayechora kwa wino mweusi, hadithi hiyo ni zawadi. Kivuli ndicho chombo chake cha kazi. Akikiweka vibaya, mtu aliyemchora anaelea hewani. Akikiweka vizuri, karatasi inapata udongo na jua. Ndiyo maana sishangai kwamba Lwanda Magere alikuwa miongoni mwa mashujaa wa Pichadithi, mfululizo wa vijitabu vya katuni uliotolewa Nairobi na Kul Graphics miaka ya 1980. Jina lenyewe liliundwa kwa kuunga maneno mawili, picha na hadithi. Nyumbani kwetu vijitabu hivyo vilisomwa mpaka jalada likabanduka, vikashonwa kwa uzi, vikasomwa tena na wadogo zetu. Mmoja wa watu walioujenga mfululizo huo ni Terry Hirst, Mwingereza aliyezaliwa Brighton mwaka 1932.

Mwingereza alikuwa akitafuta nini kwenye kivuli cha Lwanda Magere?

Kizazi changu kina sababu ya kuuliza. Tumesoma Ngũgĩ wa Thiong'o na Okot p'Bitek, na tumefundishwa kumtazama kwa makini mzungu yeyote anayejitolea kutusimulia hadithi zetu. Sina nia ya kuitupa shaka hiyo, maana imetuokoa na mengi. Lakini nilipoifuatilia kazi ya Hirst tangu alipofika Kenya, niligundua kuwa tunamhukumu kwa kiungo kimoja tu, yaani mkono. Mchoraji ana mkono, lakini mhariri ana kiti, na Hirst alikaa kwenye kiti cha mhariri wakati ambapo katuni za Kenya zilikuwa bado changa. Aliyekaa kwenye kiti hicho aliamua nani achapishwe na nani arudishiwe karatasi zake. Kwa hiyo nataka kuuliza la pili: alikitumiaje kiti hicho?

Kwanza tukubaliane kuhusu neno moja. Mtu akitoka Kisangani au Mogadishu kuja kutafuta maisha Nairobi, tunamwita mhamiaji, mara nyingine mkimbizi, na siku tukiwa na hasira tunamwita mgeni. Akitoka Brighton tunamwita mtaalamu. Mimi nitamwita Hirst mhamiaji. Alikuja na kipaji chake, akafanya kazi, akabaki nusu karne, akafia huku. Hakuna neno lingine linaloyabeba hayo yote.

Alifika mwaka 1965. Kenya ilikuwa na umri wa chini ya miaka miwili tangu bendera ya Uingereza iteremshwe usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Ilikuwa nchi ya furaha na hofu kwa pamoja. Februari mwaka huo huo, mwandishi wa habari na mwanasiasa Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Nairobi. Wakati huo huo vijana wa sanaa walikuwa wakifungua milango. Es'kia Mphahlele, mhamiaji mwingine, aliyefukuzwa na ubaguzi wa Afrika Kusini, alikuwa ameanzisha kituo cha Chemchemi. Kisha ikaanzishwa Paa ya Paa, jumba la sanaa ambalo jina lake linacheza na Kiswahili chetu: paa mnyama, na paa tendo la kupaa. Waanzilishi wake walikuwa Elimo Njau na Rebeka Njau, Jonathan Kariara, James Kangwana, Pheroze Nowrojee, Charles Lewis, Hilary Ng'weno na mgeni wetu Terry Hirst.

Itazame orodha hiyo vizuri. Elimo Njau alitoka Tanzania. Nowrojee alikuwa Mkenya wa asili ya Kihindi. Kariara alikuwa mshairi na mhariri. Hii haikuwa klabu ya walowezi waliokuja kuchora twiga na machweo. Njau alikuwa akihubiri kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi, na msanii yeyote aliyeingia Paa ya Paa alilazimika kuisikia hubiri hiyo. Hirst aliisikia akiwa na umri wa miaka thelathini na ushee, katikati ya watu ambao hawakumhitaji awafundishe wao ni nani. Nadhani hiyo ilikuwa bahati yake kubwa kuliko zote. Wahamiaji wengi kutoka Ulaya walifika wakapokelewa na watumishi. Yeye alipokelewa na wenzake.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa ualimu. Alifundisha sanaa, na baadaye akawa katika Chuo cha Kenyatta, kule Kahawa. Chuo hicho kina historia ya kuchekesha kidogo, kwa maana kilianza mwaka 1965 ndani ya kambi ya jeshi ambayo Waingereza walikuwa wameikabidhi kwa serikali mpya. Mabweni yalikuwa ya askari. Mwingereza akafundisha kuchora mahali ambapo juzi tu Waingereza wengine walikuwa wakifundisha kulenga shabaha. Mwaka 1970 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi. Walimu wa sanaa waliopita hapo walisambaa katika shule za sekondari nchini, na mtu angeweza kustaafu kwa heshima akiwa ameishia hapo.

Hirst hakuishia hapo. Aliacha chaki, akaingia kwenye magazeti.

Si kweli kwamba aliikuta nchi isiyo na katuni, ingawa kuna watu husimulia hivyo, kana kwamba hadithi ya picha ilishuka kwenye ndege. Tangu miaka ya 1950 Edward Gitau alikuwa akimchora Juha Kalulu, mtu mwembamba wa visa na vituko, kwa Kiswahili. Juha aliendelea kuishi katika Taifa Leo, akaingia nyumba ambazo Kiingereza hakikubisha hodi, na Gitau aliendelea kumchora kwa zaidi ya nusu karne. Upande wa kusini, gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, ambaye mpaka leo Mtanzania wa umri fulani ukimtajia anacheka kabla hujamaliza jina. Vijana wa mijini nao walikuwa wakipokezana vitabu vya picha za kupigwa vya Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na sigara, aliyewafanya wavulana wa Nairobi na Dar es Salaam watembee kwa mikogo. Na ukifungua Daily Nation ulimkuta Andy Capp, mlevi wa Kiingereza asiyetaka kazi, akigombana na mkewe katika mji ambao msomaji hatauona kamwe.

Kwa hiyo kicheko kilikuwepo. Kilichokosekana ni jarida ambalo lingekusanya wachoraji na waandishi wa mjini, liwalipe, liwape kurasa kila mwezi, na limfanye msomaji aone kuwa maisha yake ya kupanga chumba na kukopa dukani ni kitu kinachostahili kuchorwa.

Wazo lilianzia kwa Hilary Ng'weno. Huyu alikuwa kijana aliyesomea fizikia Harvard, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, kisha akaondoka. Katika gazeti hilo aliandika safu ya utani ambayo ndani yake kulikuwa na mtu mmoja aitwaye Joe. Joe hakuwa waziri wala shujaa wa Mau Mau. Alikuwa mtu wa kawaida wa Nairobi, anayekaa baa na kuuzungumza mji. Mwaka 1973 Ng'weno na Hirst wakamtoa Joe kwenye safu, wakampa jarida lake zima. Jina likabaki lile lile, Joe. Ng'weno alikuwa na kalamu ya maneno, Hirst alikuwa na kalamu ya picha, na wote wawili walikuwa wamefahamiana tangu Paa ya Paa.

Ni vizuri tukumbuke kilichohitajika ili ukurasa mmoja wa katuni ufike mtaani wakati huo. Mchoraji alipiga mistari ya penseli kwanza, akahesabu visanduku, akapima nafasi ya maneno. Halafu akapita juu yake kwa wino na nibu au brashi, na hapo hakuna kurudi nyuma. Kosa lilifunikwa kwa rangi nyeupe au karatasi ilitupwa. Maneno ya ndani ya viputo yaliandikwa kwa mkono, herufi moja moja. Ukurasa ukapigwa picha kwa kamera kubwa ya kiwandani, ukawa filamu, filamu ikachomwa kwenye bamba la chuma, bamba likafungwa mtamboni. Kila hatua ilikuwa na bili yake. Mchoraji aliyechelewa siku mbili alimchelewesha mpiga chapa, na mpiga chapa hakuwa na subira na majarida ya kuchekesha.

Katikati ya msururu huo ndipo alipokaa mhariri wa katuni. Kazi yake haionekani kwenye ukurasa uliomalizika. Ndiye anayemwambia kijana kwamba kiputo chake kina maneno arobaini na kinahitaji kumi na mawili. Ndiye anayeona kuwa jicho la msomaji litakwenda kwenye kisanduku cha tatu kabla ya cha pili, na utani utakufa kabla haujazaliwa. Na ndiye anayelazimika kujibu simu yule aliyechekwa anapopiga.

Hirst alijaza Joe kwa michoro yake mwenyewe, na jalada za jarida hilo ndizo watu wengi huzikumbuka. Lakini hakulifanya shamba lake peke yake. Ndani yake Kimani Gathingiri alichora visa vya msichana wa mjini vilivyoitwa OK Sue. Gitau, yule yule wa Juha Kalulu, akapata humo ukurasa wa kuchora maisha ya jiji. Kulikuwa na Daddy Wasiwasi, jina ambalo nusu yake ni ya Kiingereza cha nyumbani na nusu nyingine ni Kiswahili cha roho isiyotulia. Katuni zilikaa jirani na hadithi fupi na barua za wasomaji, na hakuna aliyemwambia msomaji kwamba hizi ni fasihi na zile ni za watoto. Uamuzi huo mdogo wa upangaji kurasa, mimi nauhesabu kuwa jambo kubwa. Ulimpa mchoraji hadhi ya mwandishi.

Kumpokea Gitau pia lilikuwa jambo la maana. Kijana wa leo anayeanzisha jarida hupenda kutangaza kuwa kabla yake palikuwa giza. Joe ilikwenda kumchukua mtu aliyekuwa akichora tangu enzi za ukoloni, ikampa nafasi pamoja na vijana. Mgeni alikuwa ametambua kwamba nyumba ina wenyewe.

Na walicheka nini? Walicheka Nairobi ya karani mwenye tai moja, ya mwenye nyumba anayekuja tarehe moja, ya jamaa kutoka kijijini anayeshuka basi bila taarifa, ya bosi mpya mwenye tumbo jipya. Lakini nyuma ya kicheko kulikuwa na mwaka wenyewe. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani, ikapandisha kila kitu, na karatasi pia. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki, aliyekuwa akisema wazi kwamba uhuru umewanufaisha wachache, alikutwa ameuawa karibu na milima ya Ngong. Desemba 1977 Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Katika nchi ya namna hiyo, mtu wa baa anayepiga soga si mtu wa kudharau. Mambo ambayo tahariri haikuweza kuyasema yalisemwa na Joe akiwa ameshika glasi, na asubuhi yake angeweza kudai alikuwa amelewa.

Hapa naomba tuwe waadilifu, tumpime Hirst kwa mizani yote.

Kuna suala la ngao. Ngũgĩ alifungwa kwa kalamu yake, na Mkenya yeyote aliyechora alijua kuwa nyumba yake, shamba la baba yake na kazi ya shemeji yake vyote vinaweza kuguswa. Mhamiaji kutoka Uingereza alikuwa na hatari ya aina nyingine. Serikali iliweza kumpakia kwenye ndege, lakini ndege hiyo ingempeleka mahali penye pasipoti yake. Sisemi kwamba hakuwa jasiri. Nasema kwamba ujasiri wake ulikuwa na mlango wa nyuma, na wachoraji aliowahariri hawakuwa nao.

Kuna suala la lugha. Joe ilikuwa ya Kiingereza. Ndiyo, Kiingereza chake kilipakwa Kiswahili na lugha ya mtaani, lakini kilibaki Kiingereza, na hivyo kikamchagua msomaji: aliyepita sekondari, mwenye ajira au anayeitafuta. Mama muuza mboga wa Gikomba, ambaye huenda alimjua Juha Kalulu vizuri, hakualikwa kwenye baa ya Joe. Tukilinganisha na Tanzania tunaiona tofauti. Huko jarida la Sani, lililoibuka miaka ya 1970 kwenda ya 1980, lilichora Dar es Salaam kwa Kiswahili kitupu, na wachoraji kama Philip Ndunguru wakawafanya wahusika wao kuwa mali ya kila mtaa. Sani ilipasuka vipande kwa kupokezanwa mikononi. Joe ilisomwa na tabaka moja, ingawa kwa mapenzi makubwa.

Na kuna suala la baa yenyewe. Ukiufanya mji uonekane kutoka kwenye kiti cha mwanamume anayekunywa, wanawake wa mji huo watapita mbele yake kama kitu cha kutazamwa. Vichekesho vingi vya magazeti ya wakati ule, vya Nairobi na vya kwingineko, vimezeeka vibaya kwa sababu hiyo, na Joe haikuwa kisiwa.

Hayo yakishasemwa, yaliyotokea baadaye ndiyo yaliyonifanya nimwandike mtu huyu. Ng'weno hakukaa sana. Mwaka 1975 alianzisha The Weekly Review, jarida la siasa lililomfanya jina kubwa katika uandishi wa habari wa Afrika Mashariki. Hirst akabaki na Joe. Hapo angeweza kulifanya liwe jarida la Mwingereza mmoja mwenye kipaji, au angeweza kulifunga na kurudi darasani. Aliliendesha miaka mingine minne. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Jarida lolote la Nairobi lililokuwa na wasomaji Arusha au Moshi likawapoteza kwa siku moja. Joe ilichapishwa mpaka 1979. Miaka sita si mingi. Lakini ukihesabu kwa kurasa zilizotakiwa kujazwa kila toleo, na kwa wachoraji waliotakiwa kulipwa, ni mingi mno.

Jarida likifa, mhariri hubaki na vitu viwili: madeni na anwani za watu. Pichadithi ilikuja muongo uliofuata, na humo tunakutana na mhamiaji wa pili wa hadithi hii. Frank Odoi alizaliwa Tarkwa, Ghana, mwaka 1948, akahamia Kenya miaka ya 1970 ikielekea ukingoni. Alichora Pichadithi, na baadaye akamuumba Akokhan, mchawi shujaa aliyechota nguvu kutoka visasili vya Afrika Magharibi, na Golgoti, mzungu anayehangaika Afrika huku wenyeji wakimshangaa. Fikiria jambo hilo: Mwingereza na Mghana, kila mmoja mbali na kwao, wote kazini kwenye mfululizo mmoja wa hekaya za Wakenya.

Ni hapa ninapoweza kulijibu lile swali la kivuli. Kabla ya Pichadithi, mtoto wa Kikamba alimjua shujaa wa Kikamba kutoka kwa bibi yake, na mtoto wa Kiluo alimjua Lwanda Magere kutoka kwa wake. Shuleni wote wawili walimjua Robin Hood. Vijitabu hivi vilimpeleka Lwanda Magere Machakos na kumleta mwenzake Kisumu, kwa bei ya kijitabu. Pengine ilihitaji mtu asiye wa kabila lolote kati ya hayo kuona kwamba hekaya hizo zote zinaweza kukaa kwenye rafu moja. Mwenyeji alikuwa na bibi mmoja. Mhamiaji hakuwa na bibi huku, kwa hiyo akasikiliza wa kila mtu.

Lakini pana bei. Hekaya ya mdomo ina matoleo mengi. Katika nyumba moja mke wa Lwanda Magere ni jasusi, katika nyingine ni binti mwaminifu kwa watu wake. Ikishachorwa, uso wake unakuwa mmoja. Marafiki zangu wengi, wakimfikiria shujaa huyo, wanamwona yule wa kwenye karatasi. Sijui njia ya kukwepa hasara hiyo. Najua tu kwamba watoto wengi wa Nairobi waliozaliwa na wazazi waliochoka, wasio na bibi karibu, wasingelipata toleo lolote.

Hirst hakurudi tena kwenye jarida la kila mwezi. Alipeleka ufundi wa katuni mahali ambapo wasomi hawautarajii. Mwaka 1988 kitabu cha kilimo mseto kwa maeneo kame ya Afrika, kilichotolewa na kituo cha utafiti wa miti na kilimo chenye makao Nairobi, kilitoka na michoro yake. Mwaka 1994 Taasisi ya Mazingira ilitoa The Struggle for Nairobi, historia ya jiji hilo kwa katuni, aliyoifanya pamoja na Davinder Lamba: reli, ardhi, mipaka ya ubaguzi, nyumba, na watu waliosukumwa pembeni kila mpango mpya ulipochorwa. Miaka minne kabla yake vibanda vya Muoroto vilikuwa vimebomolewa na polisi kwa nguvu. Wapangaji wa jiji walichora Nairobi kwa ramani, wakiitazama kutoka juu. Hirst aliichora kutoka chini, ambako watu wana nyuso. Nikikilinganisha kitabu hicho na Joe, naona mtu yule yule wa baa, ila sasa ameweka glasi chini na anauliza shamba lilikwenda wapi.

Jiji likawa na wachoraji wengi. Paul Kelemba, tunayemjua kama Maddo, akawa sauti yake mwenyewe. Mwaka 1992 kijana kutoka Dar es Salaam, Godfrey Mwampembwa, akavuka mpaka kwenda kuchora Daily Nation, akawa Gado. Ukiwatazama Hirst, Odoi na Gado kwa pamoja, unaona kwamba sehemu nzuri ya uso wa Kenya, ule tunaoucheka na kuutambua kuwa wetu, ilichorwa na watu waliozaliwa Brighton, Tarkwa na Dar es Salaam. Katika miaka hii ambapo mwanasiasa akikosa hoja husema wageni warudi kwao, nadhani ni vizuri tukalijua hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema mgeni njoo utawale. Walisema aje na dawa, na mwenyeji ndiye atakayesema kama amepona.

Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu Nairobi. Hirst akafuata mwaka 2015. Ng'weno alituaga mwaka 2021, na Gitau wa Juha Kalulu naye ametutoka. Kizazi kile cha kurasa za Joe kimekaribia kwisha, na kurasa zenyewe zinakwisha kwa njia yake. Karatasi ya jarida haikutengenezwa ili idumu. Inageuka rangi ya chai, inakuwa kavu, inavunjika kwenye mkunjo. Nilipoanza kuzitafuta, nakala za Joe nilizoziona zilikuwa zimekosa majani ya katikati, au jalada lake lilikuwa limekatwa na mtu aliyelipenda kupita kiasi. Wanunuzi wa karatasi kuukuu hupima kwa kilo. Kwenye mizani yao, toleo lenye mchoro wa Gitau na toleo la orodha ya bei za matrekta ni kitu kimoja.

Kwa hiyo nina ombi, na si kubwa. Kama kwenu kuna sanduku la chuma chini ya kitanda cha mzee, au rafu ya juu ambayo hakuna aliyeifikia tangu mjengo uishe, pandisha kiti uangalie. Ukikuta Joe, Pichadithi, Sani au gazeti lenye Juha Kalulu, piga picha kila ukurasa kabla mchwa hajakutangulia. Andika mwaka. Na pale chini, pembeni kabisa mwa kisanduku cha mwisho, soma jina la mchoraji, kisha geuza ukurasa wa kwanza usome na jina la mhariri.